Kitochi Hakiitwi Kwenye Uzinduzi

Mtambo wa umeme wa Nyumba ya Mungu una mashine mbili, kila moja megawati nne. Jumla nane. Ulianza kuzalisha mwaka 1968, baada ya ukuta kujengwa kuyazuia maji ya Kikuletwa na Ruvu, mito miwili inayokutana hapo na kuwa Pangani. Ziweke megawati hizo kando ya 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji na utaona haya kuzitaja. Mashine moja tu ya Rufiji, yenye megawati 235, inauzidi mtambo mzima wa Nyumba ya Mungu karibu mara thelathini. Si ajabu bwawa hili huingia kwenye taarifa ya habari kwa kubahatisha: maji yamepungua, uvuvi umesimamishwa, au kiongozi amefika kuzindua jambo, kama ilivyokuwa mwaka 2025 kwa mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe unaochota humo.

Kazi yake kubwa haitajwi. Bwawa hupokea maji yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru wakati wa mvua, huyaweka, kisha huyaachia kwa kipimo mvua ikikatika. Maji hayohayo huenda kuzungusha mitambo ya Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68, huko chini mkoani Tanga. Kidogo cha juu ndicho kinachomshikia mkubwa wa chini pumzi. Anayewasha taa yake Muheza hana sababu ya kulijua hilo, na mwandishi wa habari hana sababu ya kumwambia, kwa kuwa hakuna anayekata utepe kila maji yanapofunguliwa.

Nimeanza na bwawa kwa sababu habari zetu za kompyuta na simu zina mazoea yaleyale. Soma kurasa za teknolojia za wiki moja, au sikiliza dakika tano zinazotengewa mada hiyo redioni. Utakutana na Apple, Samsung, Google, Microsoft, Meta na, siku hizi, kampuni za akili mnemba. Utaambiwa kamera ina lenzi ngapi na bilionea fulani amesema nini. Vifaa na mifumo ambayo mkazi wa Lang'ata, kata ya wilaya ya Mwanga iliyo ukingoni mwa bwawa, anaitumia kila siku kuuza samaki, kupata matokeo ya mtoto na kutibiwa, utaitafuta kwa tochi. Vyombo vyetu huipima teknolojia kwa sauti ya anayeitangaza, na ni mara chache huipima kwa mzigo inaoubeba. Makala haya yanauliza mambo matatu: kwa nini iko hivyo, nani anaumia, na je, wakubwa hawana haki yao ya kutajwa kwanza?

Nyota, reli

Nenda mwaloni alfajiri, mitumbwi inaporudi. Perege na kambare wanamwagwa, wanunuzi wanasogea na ndoo zao. Mama mmoja anachagua, anapatana, anataja bei ya mwisho na kuishikilia. Kisha anatoa simu ndogo iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni dhidi ya maji, anabonyeza nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Kijana wa mtumbwini anamsubiri.

“Mama, mbona haijaingia?”

“Subiri mwanangu. Inasema ombi linashughulikiwa.”

Sekunde chache baadaye simu ya kijana inalia. Anasoma, anatikisa kichwa kukubali, samaki wanabadilisha mikono. Katika biashara hiyo nzima hakuna aliyefungua programu wala aliyenunua bando. Hakuna aliyegusa kioo pia, kwa sababu simu zote mbili ni vitochi: zina vitufe, kioo kidogo, redio, taa mbele, na betri ambayo mtu akiipeleka kuchajiwa kwenye sola ya jirani Jumatatu huenda asirudi hadi Alhamisi.

Kilichofanya kazi pale kinaitwa USSD, na ni jukwaa la kompyuta kwa maana kamili ya neno hilo. Simu ni kioo na vitufe tu. Kompyuta yenyewe iko kwa kampuni ya simu, na mazungumzo baina yao hupita katika njia ileile ya mawimbi ambayo simu hutumia kuutambua mnara. Ujumbe mmoja haupiti herufi 182. Mbunifu wa menyu analazimika kusema jambo lake kwa maneno machache, na anayasema kwa Kiswahili. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuvuka kuja Tanzania mwaka 2008, ilijengwa juu ya simu za aina hiyo zilizokuwa tayari mikononi mwa watu. Washindani wake wakafuata njia hiyohiyo. Serikali nayo ina mlango wake, *152*00#, ambamo mtu hupata huduma kadhaa za umma, matokeo ya mitihani yakiwemo, bila intaneti.

Dunia iliandika sana juu ya M-Pesa, na haki yake ilikuwa. Lakini angalia ilivyoandikwa: kampuni iliyothubutu, wakurugenzi wenye maono, idadi ya wateja, muujiza wa Afrika. Simu ndogo zilizobeba muujiza huo hazikupata aya. Matokeo yake ni kwamba hata leo mhitimu wa chuo anayetaka kuwasaidia wavuvi wa Nyumba ya Mungu huanza kwa kutengeneza programu ya simu janja, kwa kuwa ndiyo “teknolojia” aliyosomewa magazetini. Kwa takwimu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, za mwishoni mwa 2023, simu janja zilikuwa zimefika kwa takriban theluthi moja ya watu nchini. Wengi katika hizo mbili za tatu zilizobaki wana simu pia. Hawana mwandishi.

Simu iliyoandikiwa tanzia

Upendeleo wa aina hii una historia, na visa vitatu vinatosha kuonyesha unavyofanya kazi.

Cha kwanza ni cha simu. Februari 2013 Microsoft na Huawei walitangaza simu yenye mfumo wa Windows Phone waliyoipa jina la 4Afrika, ikilenga nchi kadhaa za bara hili, Kenya ikiwemo. Habari ilizunguka dunia: mkubwa wa kompyuta amekuja Afrika. Mfumo ule haukudumu sokoni, na mwanzoni mwa 2020 ulikuwa umekwisha kuzikwa. Mwaka huohuo wa 2013 Mozilla, taasisi isiyo ya faida inayotengeneza kivinjari cha Firefox, ilitoa mfumo wake wa simu uitwao Firefox OS. Miaka mitatu baadaye ulitangazwa kufa, na waandishi wa teknolojia wakauandikia tanzia.

Haukufa. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, watu wengine waliuchukua, wakaupunguza, wakautia kwenye simu za vitufe na kuuita KaiOS. Uliingia India kwa mamilioni kupitia JioPhone, na mwaka 2019 kampuni yake ilisema umevuka simu milioni 100. Mwishoni mwa muongo ule ulifika Tanzania pia, Vodacom ilipoleta simu iliyoitwa Smart Kitochi: vitufe vilevile, tochi ileile, lakini sasa na WhatsApp ndani. Siku hiyo kitochi kiliandikwa. Kilialikwa kwenye uzinduzi kwa kuwa kilishikwa mkono na mwenye fedha za kuuandaa.

Mwisho wa kisa hicho nao unafundisha. Juni 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na waliokuwa nayo wakapewa muda hadi mapema mwaka uliofuata. Kila mwaka magazeti huchapisha orodha ya simu ambazo WhatsApp haitafanya kazi tena. Ndiyo siku pekee ambayo simu hizo hupata kichwa cha habari: siku zinapofungiwa mlango. Kwamba kampuni moja ya California inaweza kuamua simu gani ya mtu wa Lang'ata iendelee kuwa na maana na ipi isiwe nayo, hilo lingestahili uchambuzi. Tunapewa orodha.

Kisa cha pili ni cha lugha yetu. Mwaka 2004 Microsoft ilitangaza kwamba programu zake zitakuja kwa Kiswahili, na vyombo vya kimataifa vikaipokea habari hiyo kama hatua kubwa kwa lugha. Wakati huohuo, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, timu ya mradi wa Kilinux, wataalamu wa kompyuta na wa Kiswahili wakishirikiana na washauri kutoka Sweden, ilikuwa imeshikilia kazi iyo hiyo. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi wa Kiswahili: za kuandika, za kukokotoa, za kuchora. Bure, na yeyote aliruhusiwa kuzinakili. Ilikuwa kazi ya hapa, ya watu wa hapa, iliyokamilika kabla mgeni hajatimiza ahadi yake. Waulize leo wenye steshenari wa mji wowote wa Kaskazini kama wamewahi kuisikia.

Sitasema vyombo vya habari ndivyo vilivyoizima. Intaneti ya 2004 ilikuwa ghali na ya polepole, shule zinafundisha masomo ya kompyuta kwa Kiingereza, na kutunza programu kila mwaka kunataka fedha ambazo mradi wa chuo hupata mara moja tu. Lakini kitu kisichosikika hakiombwi, na kisichoombwa hakitengewi bajeti.

Kisa cha tatu hakina msiba, na ndicho kinachonishangaza zaidi. Muuguzi wa zahanati ya kijijini hujaza madaftari ya takwimu yaitwayo MTUHA: wajawazito, malaria, chanjo, waliojifungua. Mwisho wa mwezi hujumlisha, taarifa hupanda wilayani na kuingizwa katika mfumo uitwao DHIS2. Chimbuko lake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa miongoni mwa waliousuka. Tanzania iliusambaza nchi nzima kufikia 2013, na sasa unatumika katika nchi zaidi ya sabini. Ni programu huria, haina leseni ya kulipia. Kila waziri wa afya anapotaja takwimu za chanjo mbele ya kamera, anasoma kilichopita humo. Kamera huonyesha waziri.

Msaragambo hauna ofisa habari

Kwa nini, basi? Rahisi kusema waandishi wamenunuliwa. Ukweli una tabaka zaidi ya moja, na la fedha si la chini kabisa.

Lililo juu ni chanzo cha habari. Kampuni kubwa hutuma taarifa iliyokwisha kuandikwa, pamoja na picha safi, nukuu ya mkurugenzi na namba ya mtu wa kumpigia. Huita mkutano hotelini saa nne asubuhi, chai ipo, nauli ipo. Mhariri mwenye kurasa za kujaza na waandishi watatu kwa wilaya nzima hawezi kukataa habari iliyopikwa. Nyingine huletwa na mashirika ya habari ya nje na kutafsiriwa, na mashirika hayo huandikia wasomaji wao wa London na New York, ambao hawana kitochi.

Programu huria hutengenezwa tofauti. Wapare wana neno lao, msaragambo: watu wanatoka kila kaya, wanatengeneza barabara au mfereji kwa pamoja, kisha kila mtu anarudi kwake na anatumia bila kudaiwa. Programu kama Linux, LibreOffice na DHIS2 ni msaragambo wa aina hiyo, na wanaoshiriki wametawanyika duniani. Umewahi kusikia msaragambo ukiita waandishi wa habari? Hauna bidhaa ya kuuza, kwa hiyo hauna bajeti ya matangazo, na pasipo matangazo hakuna ofisa habari wa kumpigia mhariri simu. Unapotazama ukurasa wenye habari ya kampuni ya simu juu na tangazo la kampuni hiyohiyo chini, si lazima uwaze rushwa. Inatosha kujua nani aliyekuwapo chumbani na nani hakuwapo.

Tabaka la pili ni la majina. Mtoto wa Mwanga akitumwa dukani “Colgate” huweza kurudi na dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa na hakuna atakayemgombeza. Jina la mkubwa limekuwa jina la kitu. Kwenye kompyuta imekuwa hivyohivyo: kuandika barua ni “Wordi”, kujumlisha ni “Ekseli”, na kompyuta isiyo na Windows huonekana ina hitilafu. Tofauti ni kwamba dawa ya meno mpya haikulazimu ununue mswaki mpya. Jina la programu likishakuwa jina la kazi, mwandishi haoni kwamba anatangaza, anadhani anaeleza. Kumpa msomaji njia nyingine kunamtaka kwanza atenganishe kazi na jina, na hilo ni zoezi la aya tatu ambazo hana nafasi nazo.

La tatu ni la mwandishi mwenyewe. Anaishi mjini, ana simu janja, anaandikia kompyuta aliyoikuta ofisini. Anapima kwa anachokijua. Huyu si mtu mbaya. Ni kama mhandisi aliyetumwa Same kukagua umwagiliaji akahesabu mabwawa ya saruji tu, akazipita ndiva zilizo milimani. Ndiva ni vidimbwi vinavyojazwa maji usiku na kufunguliwa mashambani mchana kwa zamu ambazo wazee wa Kipare walizipanga zamani. Macho yake yalikuwa mazima. Kilichokosekana ni neno la kumwambia kwamba anachokiona ni mtambo.

Na mizizi ni mirefu kuliko intaneti. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya uzoefu mchungu wa mitambo ya gharama iliyoshindwa kutoa hesabu zilizotarajiwa. Zuio lilipolegezwa miaka ya baadaye, kompyuta zilirudi kwa mikono ya wauzaji na wafadhili, kila mmoja na chapa yake. Tulizifahamu kama bidhaa kabla hatujazifahamu kama elimu. Kurasa zetu za teknolojia bado zimekaa upande wa duka.

Hoja ya Toyota

Sasa tuwasikilize wanaotetea wakubwa, maana wana hoja, na ni nzito.

Simama barabara kuu ya Moshi kwenda Same uhesabu magari. Noah, Hiace, Coaster: Toyota baada ya Toyota. Je, magazeti yakiandika sana juu ya Toyota kuliko Peugeot yamependelea? Mwenye gari anajua kwamba likiharibika Kisangara usiku, kipuri kitapatikana Mwanga asubuhi na fundi atakifunga akiwa nusu usingizi. Ukubwa wenyewe ni sifa. Vivyo hivyo kwa kompyuta: Windows ina fundi kila mtaa, printa huitambua, barua iliyoandikwa huku hufunguka kule. Anayemshauri mwenye steshenari ahamie Linux na kumwacha peke yake siku printa inapogoma amemtendea ubaya.

Pia wapenzi wa vitu vidogo wana upendeleo wao. Wengine huhubiri badala ya kueleza. Watakuambia ni rahisi, kumbe ni rahisi kwa aliyezoea. USSD nayo ina kero zake, na mtumiaji anazijua: muda unakwisha katikati ya muamala, namba ya siri inabonyezwa mbele ya macho ya watu, na huwezi kutuma picha ya samaki. Simu janja inafanya mengi ambayo kitochi hakitafanya kamwe. Aliye na uwezo wa kuinunua na kuijazia bando hana sababu ya kujinyima ili kuthibitisha hoja ya mwandishi wa makala.

Nazikubali zote. Lakini hoja ya Toyota ikifuatwa hadi mwisho inamrudia msemaji. Toyota ilishinda barabara zetu kwa sababu ilijaribiwa barabarani kwetu, matope na mashimo yakiwa shahidi. Kipimo kilikuwa kazi. Kwa kipimo hicho, mkubwa wa Nyumba ya Mungu ni USSD na kitochi. Hao ndio wenye fundi kila kijiji, wakala kila kibanda, na kipuri cha betri dukani. Vyombo vinavyodai kufuata walio wengi vinawafuata walio wengi wa mahali pengine. Na ile 4Afrika ya 2013 inatoa ushahidi wa upande wa pili: simu iliyokuwa na watumiaji wachache iliandikwa kwa wingi kwa sababu jina nyuma yake lilikuwa kubwa. Basi habari haziwafuati hata watumiaji. Zinafuata jina.

Gharama humwangukia nani

Upendeleo wa habari ungekuwa jambo la kuchekesha tu kama usingegusa mfuko. Chukua steshenari ya kawaida ya mji mdogo: kompyuta mbili za mezani zilizotoka Ulaya zikiwa zimetumika, mashine ya kutoa kopi, foleni ya watu wenye barua za maombi ya kazi na flashi zilizojaa virusi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kutoa njia ya kuongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Habari zilizosomwa sana zilimpa mwenye duka njia mbili: nunua mpya au baki hatarini. Njia ya tatu ipo. Mfumo kama Linux Mint haugharimu kitu, unakubali kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti mbili ingawa nne ni afadhali, na LibreOffice inayokuja nayo inafungua barua nyingi za Word. Huenda akiijaribu akaikataa, kwa sababu za printa nilizozitaja. Lakini aikatae yeye, baada ya kuambiwa. Kununua kompyuta mpya kwa sababu hukusikia jambo ni kodi, na kodi hiyo hulipwa na mwenye kipato kidogo.

Shuleni gharama inajificha zaidi. Wilayani Karatu shirika la Powering Potential lilifunga maabara za kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazokula umeme kidogo wa sola, zikiwa na maktaba ndani yake kwa ajili ya mahali pasipo intaneti. Huu ndio mfano ambao mkuu wa shule ya sekondari milimani Vudee au Usangi angependa kuusoma kabla ya kuomba msaada. Asipousoma, ataomba anachokijua: kompyuta ishirini za mezani ambazo siku umeme ukikatika zinakuwa meza.

Na iko gharama isiyo na risiti. Kijana anaulizwa kwa kicheko, “Bado unatumia kitochi?” Anakificha mfukoni. Anajiona yuko nje ya teknolojia, ilhali kila siku anafanya miamala ambayo miaka ishirini iliyopita ilimtaka mtu apande basi hadi benki. Mtu aliyeambiwa kwamba chombo chake si teknolojia hatajiuliza kinafanyaje kazi, wala hatafikiri kwamba anaweza kukitengeneza kiwe bora.

Maswali kabla ya sifa

Sidai kila habari ya Samsung ifuatiwe na habari ya Linux kwa mizani ya dhahabu. Kusifu kidogo kwa kuwa ni kidogo ni upendeleo mwingine. Ninachokiomba ni kipimo, nacho kinaweza kuandikwa nyuma ya daftari la mwandishi. Je, kitu hiki kinafanya kazi bila bando? Betri inakaa siku ngapi? Kikiharibika, fundi wa karibu yuko wapi? Kinasema Kiswahili? Kampuni ikibadili mawazo, taarifa zangu naondoka nazo? Kuna njia nyingine ya kufanya kazi hiyohiyo, na inagharimu nini? Na moja la mwandishi kujiuliza mwenyewe: nani amelipa nauli yangu leo? Akilijibu hilo wazi ndani ya habari, msomaji atajua apunguze chumvi kiasi gani.

Maswali hayo hayambani mdogo wala mkubwa. iPhone inaweza kuyajibu, na kwa baadhi itajibu vizuri. Linux itakwama kwenye fundi. USSD itakwama kwenye swali la kampuni, kwa sababu menyu ile ni mali ya mwenye mnara na anaweza kuibadili usiku mmoja. Kila kimoja kitatoka na alama zake, na msomaji wa Lang'ata atachagua kwa macho wazi kama anavyochagua perege.

Jioni moja niliketi ukingoni na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu. Giza lilikuwa linaingia upande wa Simanjiro. Mzee mmoja alikuwa ameweka simu yake juu ya jiwe, redio imefunguliwa, na taarifa ya habari ikafika kwenye teknolojia: simu mpya imezinduliwa ng'ambo, kioo chake, kamera zake, bei yake ambayo kwa fedha yetu inapita milioni tatu. Walisikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Kisha mzee akaichukua simu kutoka kwenye jiwe, redio ikiendelea kuongea, akawasha tochi yake na kumulika tundu la wavu alilokuwa hajalimaliza.